Mtaji wa Kudumu wa Shirika la Hisani: Faida kwa Nani?

Shirika la hisani la Mombasa likiamua kuweka mtaji wa kudumu, ambao faida yake italipia basari na dawa huku mtaji wenyewe ukibaki, halianzishi jambo geni: hapa pwani wakfu ni utaratibu wa tangu jadi, mtu akitoa nyumba ili kodi yake iendeshe msikiti au madrasa. Kilicho kipya ni madai kwamba mtaji usiwekezwe panapoharibu mazingira, na kwamba wanufaika nao wawe na sauti.

Wadhamini, yaani wasimamizi wa mali ya shirika, wanaosita wana hoja. Rockefeller Brothers Fund, mfuko wa hisani wa Marekani ambao mali yake ilitokana na mafuta, ilitangaza mwaka 2014 kujiondoa katika uwekezaji wa nishati hiyo, lakini ilikuwa na soko la dunia nzima la kuchagulia. Soko la Hisa la Nairobi lina kampuni zipatazo 60 tu. Ukiziondoa za mafuta, sigara na saruji, hatari inarundikana kwenye benki na Safaricom.

Ndiyo maana wengi hukimbilia hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Ile ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Kwa shilingi milioni 10, hiyo ni takriban milioni 1.85 kwa mwaka. Tukichukulia mfumuko wa bei wa asilimia 6, laki sita zirudishwe kulinda thamani ya mtaji, na takriban milioni 1.25 zitumike. Hesabu inavutia, ila katika mji wenye Waislamu wengi kama huu, wapo wazazi ambao hawatakubali mtoto wao asomeshwe kwa riba. Kwangu hapo ndipo ushirikishwaji unapopimwa, kuliko katika picha za wajumbe wa bodi. Sukuk, yaani hatifungani ya Kiislamu isiyo na riba, iliyotolewa nchini mwaka 2023, ya shilingi bilioni 3, ilionyesha kuwa njia nyingine ipo, ingawa bado ni nyembamba.

Kuwapa wanufaika viti katika bodi nako kuna mtego: mwakilishi wa Likoni au Kisauni atabanwa na watu wake atumie zaidi leo, na watoto wa miaka 30 ijayo hawana wa kuwasemea. Kiwango cha matumizi kiwekwe basi katika katiba ya mfuko kabla viti havijagawanywa. Fungu lisilo na riba litengwe hata likileta kidogo, na pengo hilo la faida lisomwe waziwazi katika mkutano mkuu wa kila mwaka.