Mzima Juu, Maiti Chini

Chanzo cha yote ni shilingi 20,000 ya luku. Mama Neema alinipa Ijumaa jioni, akaniambia zimebaki yuniti mbili za umeme, nisithubutu kulala bila kununua. Nikamjibu "sawa", ile sawa ya mtu aliyesikia sauti tu, maneno yamempita.

Akili yangu yote ilikuwa kwenye lifti. Nilikuwa nimenunua lifti ya gari, ile ya nguzo nne, kutoka gereji moja iliyokuwa inafungwa, na fundi alikuwa amemaliza kuifunga bandani kwangu mchana uleule. Siku naileta, mke wangu aliuliza swali moja tu: "Kwani sisi tuna gereji?" Nikamwambia, "Tuna gari bovu." Kwangu mimi hilo lilikuwa jibu kamili.

Gari bovu lenyewe ni Toyota Mark II, toleo la GX100, niliyoachiwa na marehemu baba mkubwa. Niliiunguza gasketi maeneo ya Chalinze nikitoka Morogoro, baada ya kuiona taa ya joto na kuamua kwamba inatania. Tangu hapo ilikaa miaka miwili chini ya mwembe, kuku wakitagia siti ya nyuma. Mpango wangu ulikuwa mfupi: ipande lifti, niishushe injini mwenyewe, niwanyamazishe majirani.

Sasa, lifti inanyanyua gari lililokwisha kupanda juu yake. Kupanda ni shauri lako na gari lako. Pale mbele kuna vile vyuma viwili vya mteremko, na gari lisilowaka halina habari navyo. Nikaenda kijiweni kuita vijana wanne wa bodaboda, mimi nikakaa kwenye usukani kama nahodha. "Moja, mbili, tatu!" Magurudumu ya mbele yakapanda hadi katikati. Hapo mmoja akasema, "Jamani, pumzi." Wakaachia wote kwa pamoja.

Gari lenye kilo zaidi ya 1,300 likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki. Wasiojua, injini ikiwa imezima, kile kinachousaidia mguu kukandamiza breki nacho kimezima; pedali inakuwa kama kizingiti cha mlango. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Handibreki ilikufa hata kabla ya injini. Tukaondoka mimi na Mark II, taratibu na kwa heshima zote, mpaka ndani ya banda la kuku. Jogoo akatoka, akanitazama kupitia dirishani, akaenda zake.

Watu walishajaa. Huwezi kuwa na lifti mpya, watu wamejaa, halafu useme tutaonana kesho. IST, gari la mke wangu, ilikuwa pale pale, ufunguo ninao. Nikaipandisha lifti kwa raha zangu, nikabonyeza kitufe, ikaanza kupaa, meno ya usalama, yale yanayoishika isidondoke, yakigonga kwenye kila nguzo: ka! ka! ka! Mita 1.8 kutoka chini nikasimamisha, nikaikalisha juu ya meno yake. Watoto wakapiga makofi. Chini pakabaki nafasi, sakafu tambarare, tukaisukuma Mark II ikaingia kama droo. Ili isije ikatoka yenyewe, nikaitia gia ya P, ile ya kuegesha. Magari mawili, nafasi ya moja! Nikazunguka nguzo zote nne mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Boss, sasa na soda je?"

Vijana walikuwa wanne. Wa kunywa soda walifika kumi na moja, na wengine walisukuma kwa mdomo tu. Mwenye chipsi mayai naye akapita wakati mbaya. Usiku Mama Neema akaniuliza, "Luku?" Nikamwambia mtandao unasumbua.

Jumamosi ilikuwa kitchen party ya mdogo wake, na yeye ndiye mwenye dhamana ya sare. Sare 32, zimetoka kwa fundi Ijumaa mchana, zipo kwenye buti ya IST. Saa mbili asubuhi alikuwa anapiga pasi gauni lake. Mkono mmoja ukanyooka, wa pili umeme ukakata.

"Baba Neema, shusha gari niondoke."

Nikabonyeza. Kimya. Ikabidi nimweleze kwamba lifti imelala juu ya meno, na ili meno yatoke lazima kwanza ipande kidogo, na kupanda kunataka umeme.

"Yaani ili ishuke, lazima ipande?"

"Ndiyo."

"Na chini yake kuna nini?"

"Mark II."

"Itoe basi."

Nikaingia, nikashika gia. Haisogei. Gia ya otomatiki ya namna ile kuingia P haiombi ruhusa ya mtu, ila kutoka inataka umeme wa betri, na betri niliipeleka kuchajiwa. Mwenye duka la betri hafungui kabla ya saa nne. Mzima kakaa juu ya maiti, maiti haondoki, na mwenye sare yuko pale na gauni lenye mkono mmoja ulionyooka.

Nikaazima ngazi kwa mzee jirani, nikapanda. Mlango wa buti ya IST unafunguka kwa kwenda juu, na juu kuna mabati. Ukafunguka upana wa kiganja, ukagonga. Nikaingia kwa mlango wa pembeni, nikalaza siti, nikawa navuta sare na kuzishusha moja moja, Mama Neema akihesabu kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akihesabia kitu kingine. Ya 32 ilipofika mkononi, bajaji ilikuwa getini. Hakuniaga.

Nikageuka nishuke. Ngazi haipo. Mjukuu wa mzee kaichukua, babu anataka kuangalia tenki la maji. Simu yangu iko kwenye boneti ya Mark II. Nikapiga honi. Mtaani kwetu honi maana yake ni moja tu: yule mtoto akakimbia akafungua geti lote, akarudi zake. Sasa barabara nzima ikawa inaniona. Mzee mmoja mpita njia akasimama, akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, unaelekea wapi?"

"Shikamoo. Nashuka."

Nikashukia juu ya paa la Mark II. Nina kilo 104. Bati likaita bwaa! na mpaka leo paa lina bonde, mvua ikinyesha ndege wanaoga.

Aliyeniokoa ni dogo mmoja wa wale wa soda. Akachungulia pembeni ya gia, akabandua kifuniko kidogo cha plastiki ambacho mimi nilidhani ni pambo, akachomeka ncha ya ufunguo, akabonyeza huku anavuta gia. Ikatoka. Sekunde tatu. Luku nikanunua kwa pesa yangu ya mafuta, zile tarakimu 20 nikazikosea mara mbili, umeme ukarudi. Lifti ikapanda upana wa kidole, nikavuta wenzo wa meno, IST ikashuka bila kinyongo.

Jioni Mama Neema akarudi na hotpoti ya pilau. Akaona taa zinawaka, gari liko chini, nimefagia banda.

"Kumbe mtandao ulirudi."

"Ulirudi."

Akatabasamu kidogo, akaweka hotpoti mezani, akafunua kifuniko. Harufu ilikuwa imeshanifikia, mara getini pakagongwa. Ni yule dogo.

"Shikamoo mama. Boss, mwenye duka anasema jana ulisahau chenji yako ya soda, 1,500, kwenye ile elfu ishirini."

Mama Neema akaipokea yeye, akaihesabu, akaitia kwenye pochi. Halafu akarudisha kifuniko cha hotpoti.