Unakwenda Wapi Bila Mzigo?

Mimi nina miaka 53, na baiskeli nilianza kuinyonga kabla miguu yangu haijafika kwenye kiti, mguu mmoja nikiupitisha chini ya bomba, kiuno nimekipinda upande kama fisi anayechungulia zizi. Kwa hiyo nikisema jambo kuhusu baiskeli naomba nisikilizwe. Huku kwetu Ifakara baiskeli ni punda, ni lori, ni gari la wagonjwa. Phoenix yangu niliinunua 1994 kwa pesa ya mpunga. Imebeba mkaa, imebeba mabati, imebeba kitanda cha futi tano, imebeba mbuzi wawili waliokuwa hawaelewani. Mama watoto ameipanda kwenda kujifungua mara tatu, na mara tatu amerudi nayo mzigo umeongezeka. Na katika miaka yote hiyo haijawahi kuniuliza moyo wangu unapiga mara ngapi kwa dakika.

Sasa akaja mpwa wangu kutoka Dar.

Alishuka kwenye basi na begi moja na baiskeli moja. Nikamwonea huruma. Nikajua mambo ya mjini yamemshinda, kaja kuanza upya, na mimi kama mjomba itabidi nimtafutie eka ya kulima. Kumbe yuko likizo. Anafanya kazi ofisi yenye kiyoyozi, ana gari, na gari ameliacha nyumbani ili aje kunyonga baiskeli.

"Shikamoo mjomba. Nimekuja kufurahia bonde."

"Marahaba. Bonde lipi?"

"Hili hapa, mjomba. Bonde la Kilombero."

Nikageuka kutazama nyuma yangu kama kuna bonde jingine limeletwa usiku. Hakuna. Ni lilelile, lenye mbu walewale.

Baiskeli yenyewe ngoja niwaeleze. Haina keria. Haina stendi. Haina kengele, haina madigadi, haina taa ya dinamo. Tairi nyembamba kama mlenda uliovutwa. Kiti kikali kama jembe lililotoka kunolewa. Nikaiinua kwa mkono mmoja, nikadhani vingine vimebaki kwenye buti la basi. "Kilo nane tu, mjomba," akasema kwa fahari. Bei yake? Milioni 4 na nusu. Nikaiweka chini taratibu kama mtoto mchanga aliyelala. Yaani mtu analipa milioni 4 na nusu ili apewe baiskeli iliyopunguzwa vitu. Kwa hesabu hiyo Phoenix yangu, ikikatika fremu na kubaki usukani, nitauza milioni 10.

Jioni akaniambia kesho alfajiri twende wote. Nikauliza tunakwenda wapi. Akasema tunaelekea njia ya Mang'ula, tukichoka tunageuza.

"Kuna mtu anaumwa huko?"

"Hapana."

"Tunachukua nini?"

"Hatuchukui kitu, mjomba. Tunaendesha tu."

Nilikaa na neno hilo usiku kucha. Tunaendesha tu. Mimi nimepita njia ile na lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo ambalo serikali inalipiga marufuku kila mwaka na sisi tunalishona kila mwaka. Nimepita ikiwa vumbi hadi kope zinabadilika rangi. Nimepita masika, tope limekamata tairi, baiskeli inabidi ipande mgongoni kwangu badala ya mimi kupanda mgongoni kwake. Kwenda na kurudi mikono mitupu sijawahi. Hata mwizi anakwenda kwa sababu.

Saa 11 na nusu alfajiri akatoka chumbani. Jamani. Bukta imebana mpaka nikageuza uso kwa heshima ya dada yangu aliyemzaa. Nyuma imeshonewa kigodoro. Nikamuuliza, "Hiyo ni pampasi?" Akasema ni kwa ajili ya kiti. Nikamwambia Phoenix yangu imeweka springi kwenye kiti chenyewe, makalio yakabaki huru. Hakucheka. Amevaa miwani ya kioo cha bluu na jua halijatoka. Mfukoni ana vipakiti vya uji mtamu wa kufyonza, kila kimoja kina bei ya sahani ya wali kwa maharage. Mimi nilikuwa na muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko wa rambo.

Viatu ndivyo vilinimaliza. Vina chuma kwenye soli, na chuma kinanasa kwenye pedeli, kak! Mtu anajifunga mwenyewe kwenye baiskeli kama kuku wa kupelekwa gulioni. Nikauliza ukitaka kusimama ghafla inakuwaje. Akasema unazoea.

Hakuwa amezoea. Pale Kibaoni mbuzi alikatiza, mpwa wangu akashika breki, baiskeli ikasimama, yeye akabaki juu yake anatetemesha kifundo cha mguu kutafuta ufunguo. Kisha akaanguka. Si kuanguka kwa haraka. Aliinama polepole kama mgomba uliokatwa, mpaka mama wa vitumbua akapata muda wa kusogeza karai lake. "Pole mwanangu," akasema, kisha akanigeukia mimi: "Huyu wamemfunga kwa kosa gani?"

Tukaendelea. Na hapa nitasema ukweli ingawa unaniuma: lami ni tamu. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 67 hivi, tuliingoja miaka mpaka wengine wakaondoka duniani na vumbi lao kifuani. Saa ile ya alfajiri haina kelele. Mabasi bado, malori bado, bodaboda wamelala. Kushoto milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta uliojengwa na mtu asiyejua bei ya saruji, ukungu umeshika kiunoni. Kulia mpunga mpaka macho yachoke. Reli ya TAZARA nayo inapita bonde hilihili. Wachina waliijenga kati ya 1970 na 1975, na Wachina haohao wakatengeneza Phoenix yangu. Nikimtazama mpwa wangu alivyoning'inia mbele, mgongo bapa kama meza, nashukuru kwamba Mchina aliyechora Phoenix alimfikiria mtu mwenye kitambi na mke.

Tatizo la mpwa wangu ni kwamba hawezi kuona kitu bila kukisomea. "Mjomba, hii hifadhi ya Udzungwa ilitangazwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990." Sawa. "Mjomba, kilele kile, Luhombero, kinafika mita 2,576." Sawa. "Mjomba, wanasayansi waligundua aina ya nyani mwaka 1979 hapo Sanje, haipatikani nje ya milima hii duniani kote." Hapo nikamkatiza. Wamegundua 1979! Kama vile wazee wa Sanje walikuwa wamefumba macho wakati mahindi yao yanaliwa. Na mimi je, nikigundua ghorofa la ofisi yao pale Dar, nitaandikwa?

Akaendelea kuwa bonde letu ni ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa tangu 2002, chini ya mkataba wa Ramsar, na kwamba sheshe wengi kuliko sehemu yoyote waliishi humu. Sheshe namjua. Ni mnyama mzuri, mwekundu, mwenye aibu, anapenda majani ya kando ya mto. Siku hizi kumwona ni bahati, maana sisi nasi tunapenda majani ya kando ya mto, tunayaita shamba. Nilinyamaza kidogo hapo. Shamba langu moja liko huko.

Tulipopita Kiberege tairi yake ya nyuma ikasema pssss.

Akashuka kwa kujiamini. Akatoa kichupa cha gesi kama cha sindano ya ng'ombe, akabadilisha tyubu, akajaza, fyuu, tayari dakika tano. Nikakiri moyoni kwamba vijana wana akili. Mita mia mbili mbele, pssss. Akatoa kichupa cha pili, akabandika kiraka. Tukaenda kidogo, pssss. Vichupa vikaisha. Ana saa inayomwambia amelala masaa mangapi, lakini pampu hana.

Fundi tulimpata chini ya mwembe. Akaitoa tyubu, akaizamisha kwenye karai la maji, akaona tobo, akakwangua, akapaka solusheni, akabandika kiraka kwa shilingi 500. Kisha akashika pampu na kukitazama kile kijiti cha kupitishia upepo. Chembamba, kirefu, na nati ndogo kichwani. Pampu haikamati. Akajaribu kwa kitambaa, akajaribu kwa uzi, akajaribu kwa kukaza meno. Mwisho akarudisha tairi kwa heshima zote na kusema, "Hii ya kwako imesoma sana."

Basi. Jua limepanda. Malori ya miwa yameamka. Mpwa wangu anatembea kando ya barabara kwa vile viatu vya chuma, ka-ka-ka-ka, kama bata kwenye bati. Kuita gari hataki, anasema itaharibu rekodi. Nikauliza rekodi gani. Kumbe simu yake tangu Kibaoni inahesabu: mwendo, kilomita, kupanda, kushuka, na marafiki zake Dar wanamfuatilia.

Mwanadamu unaweza kumwacha mtoto wa dada yako barabarani? Huwezi, dada atapiga simu. Nikachukua baiskeli ya milioni 4 na nusu, nikailaza juu ya keria yangu, nikaifunga kwa mipira ya tyubu kuukuu kama ninavyofunga kuni. Mwenyewe nikampakia kwenye bomba, mbele, kama nilivyokuwa nikimpakia akiwa darasa la pili. Tofauti ni kwamba sasa ana kilo 78, ndevu, na kofia ngumu inayonigonga kidevu kila tukipita tuta.

Nimenyonga hivyo kilomita 20 na kitu. Watu wa Signali walitoka kuangalia. Mtoto mmoja akauliza, "Babu, unamuuza?" Mzee mwenzangu aliyetupita na gunia mbili na jembe akapiga kengele, akasema tu, "Mavuno mazuri mwaka huu."

Na yeye huko mbele, upepo unampiga, anatazama saa yake. "Mjomba, mapigo 74. Safi sana." Ya kwangu hakuna aliyeyapima, lakini nilikuwa nayasikia mpaka kwenye magoti.

Tulipofika nyumbani simu ikalia kwa furaha. Imempongeza! Kilomita zaidi ya 40, na kipande cha kurudi amekimaliza "bila kuchoka." Marafiki wakamiminika: hongera kaka, una pumzi, wewe ni moto. Mmoja akaandika, "Siri yako nini?" Siri yake ilikuwa imelala kwenye mkeka inakandwa miguu kwa maji ya chumvi.

Siku aliyoondoka tulikwenda mpaka Daraja la Magufuli, yeye kwa tairi iliyojazwa kwa pampu aliyotumiwa kwa basi. Daraja lina mita 384, lilifunguliwa 2018. Mto ule nimeuvuka mara zisizohesabika enzi za kivuko, na kivuko kilipopinduka Januari 2016 nilikuwa nimevuka wiki moja kabla. Kwenye kivuko hutazami mto. Unatazama gunia lako, unashika baiskeli ya mwenzako isikuangukie, unamsikiliza anayesema kaona mamba. Mpwa akaegemea ukingo wa daraja akasema maji haya yanakutana na Luwegu, yanakuwa Rufiji, yanakwenda kuzungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Usiku huohuo umeme ulikatika. Lakini pale darajani nilitazama chini, na ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa hapa ndipo tatizo langu lilipo. Jumapili iliyofuata niliamka saa 11, nikajikuta nimeshika baiskeli, nakwenda darajani. Sina kitu kwenye keria. Jirani yangu mwenye bucha ya kitimoto akaniona. "Kwema? Unakwenda wapi?" Nikasema natembea tu. Akanitazama, akatazama keria, akaingia ndani haraka. Niliporudi saa 2 nikakuta wanawake sita wamekaa uani kwangu wamejifunga kanga, wanauliza msiba uko upande gani, na mama watoto analia kwa tahadhari asijue anamlilia nani.

Tangu siku hiyo nafunga gunia. Nalijaza pumba za mpunga mpaka litune kama lumbesa halali, na linabebeka kwa kidole kimoja. Watu wananipungia mkono: mzee hachoki, mpaka Jumapili anatafuta riziki.

Jumapili iliyopita nimefika darajani, ukungu bado umelala juu ya maji, nikamkuta yule jirani wa bucha. Amesimama ukingoni na baiskeli yake, gunia kubwa limetuna kwenye keria, na baiskeli ameiegemeza kwa kidole.

"Unapeleka wapi?" nikamuuliza.

"Mashine, kukoboa. Na wewe?"

"Mashine."

Mashine zote ziko mjini, nyuma yetu. Akasogea kidogo kunipisha, nikaegemeza yangu karibu na yake, tukatazama mto.