Jeti ski badala ya dingi: yoti ya matanga inapata nini na inapoteza nini?

Yoti yoyote inayotia nanga mbali na ufuo inahitaji chombo kidogo cha kuwafikisha watu nchi kavu. Ndicho kinacholeta chakula na maji, kinachopeleka taka na kinachomkimbiza mgonjwa kwa daktari. Kazi hiyo imezoeleka kuwa ya dingi, iwe ya mpira au ya mbao, yenye injini ndogo nyuma na makasia mawili. Sasa wapo wenye yoti wanaouliza: kama jeti ski, ile pikipiki ya majini, inaweza kunifikisha ufuoni na pia kunipa starehe, kwa nini nibebe dingi? Swali hilo ni la haki na halistahili kubezwa, ingawa wazee wa bahari wengi hulipuuza kabla halijamalizika kuulizwa.

Zamani lilikuwa rahisi kulikataa, kwa kuwa jeti ski ya watu watatu huwa na uzito wa kilo 300 na zaidi. Kisha ikaja Sea-Doo Spark, modeli ya mwaka 2014. Ile ya viti viwili ina urefu wa karibu mita 2.8 na uzito usiofika kilo 200 bila mafuta. Kwa urefu, hiyo ni sawa na dingi ya kawaida. Kwa mwendo hazikaribiani hata kidogo. Tuseme umetia nanga maili mbili za baharini kutoka gatini. Dingi yenye injini ya nguvu farasi 4 na watu watatu ndani itakwenda noti 4 au 5 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), yaani karibu nusu saa huku mnarushiwa maji. Jeti ski inamaliza safari hiyo kwa dakika tano. Mtu akikatika vibaya mkono, au akielea anasukumwa na mkondo, tofauti hiyo ni kubwa sana. Si bure waokoaji wa fukwe za Hawaii wanatumia jeti ski zenye ubao wa kuvuta nyuma kuwatoa watu kwenye mawimbi makubwa. Isitoshe, inasukumwa na pampu ya maji na haina rafadha, yaani panga la kusukuma chombo, inayozunguka nje, na mzazi mwenye watoto wanaoogelea karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, anajua thamani ya hilo.

Tatizo langu linaanzia pale chombo hicho kinapotakiwa kupandishwa. Dingi ya mpira ya mita 2.7 pamoja na injini yake ya nguvu farasi 6 haizidi sana kilo 70 au 80, tena mzigo huo unagawanyika. Injini unaivua na kuipandisha kwa roda (gurudumu la kamba), kisha watu wawili wanaibeba dingi yenyewe. Jeti ski haigawanyiki. Vyuma vya kuning'inizia dingi kwenye tezi ya yoti ya mita 11 au 12 kwa kawaida vimetengenezwa kwa ajili ya dingi na injini yake, si mara mbili ya hapo. Hata kama vyuma vitahimili, uzito huo umekaa mwisho kabisa wa chombo, ambako kila kilo inahesabika zaidi. Tezi inakaa chini, omo, yaani mbele, inainuka, na yoti inaanza kupiga mbizi na kuibuka kwenye kila wimbi badala ya kulikata. Wimbi kubwa likitoka nyuma linakuta kitu kipana cha kukipiga.

Wengine wanasema wataipandisha kwa henza, ile kamba ya kupandishia tanga, kwa winchi ya mlingoti, na kuilaza sitaha ya mbele. Bandarini palipotulia inawezekana. Lakini yoti iliyotia nanga hulala huku na huko hata kwa wimbi la boti inayopita, na kilo 200 zilizoning'inia juu ya sitaha huanza kubembea. Mtu aliyesimama kati ya mzigo huo na mlingoti hana pa kukimbilia. Ikishafungwa hapo mbele, inaziba njia ya kuifikia nanga na ya kushughulikia tanga la mbele usiku.

Basi ivutwe nyuma kwa kamba, watasema, kama wengi wanavyovuta dingi. Hapa ndipo wanunuzi wengi hawasomi kitabu cha maelekezo. Jeti ski ikivutwa huku injini imezimwa, maji huingia kwa nguvu kwenye tundu la kuvutia maji lililo chini yake, hupanda kupitia mfumo wa kupozea hadi kwenye ekzosi, na yanaweza kufika ndani ya silinda. Injini iliyojaa maji haiwaki, na ukiilazimisha inapinda vyuma vyake vya ndani. Ndiyo maana kuna kibanio cha kubana mpira wa maji kabla ya kuvuta, na baadhi ya vitabu vinataka kasi isizidi kilomita 8 kwa saa. Yoti inayokwenda vizuri kwa tanga, noti 6, imeshafika kilomita 11. Kwa hiyo siku ya upepo mzuri, ile uliyoingojea wiki nzima, unalazimika kupunguza matanga kwa ajili ya chombo kilicho nyuma yako.

Kuhusu mafuta sina mengi ya kusema, ila lililopo ni zito. Yoti nyingi zinatumia dizeli. Jeti ski inatumia petroli, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutulia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ukingoja cheche. Dingi nayo hutumia petroli, ila kidogo. Jeti ski kubwa ikiendeshwa kwa kasi ya mwisho inaweza kuteketeza lita 40 au zaidi kwa saa, na akiba ya kuilisha lazima ikae mahali fulani kwenye yoti.

Halafu kuna kazi zenyewe. Tazama dingi inavyopakiwa: madumu ya maji sakafuni, mtungi wa gesi katikati, mfuko wa nguo chafu mbele, bibi amekaa pembeni ameshika kamba. Kwenye jeti ski watu hukaa kama kwenye pikipiki, na mizigo ina kisanduku kidogo tu. Nanga ya yoti ikianza kuteleza na ukataka kupeleka ya pili upande wa joshi (unakotoka upepo), dingi inaibeba pamoja na mnyororo wake. Kuifanya kazi hiyo juu ya kiti cha jeti ski ni hatari. Injini ya dingi ikizima, unachukua makasia. Pampu ya jeti ski ikimeza mfuko wa plastiki, mwani au kamba yake yenyewe, umebaki unaelea. Inahitaji pia kina cha karibu mita moja chini yake, la sivyo inavuta mchanga unaokwangua pampu, na huwezi kuiburuta ufuoni kwa mikono ya watu wawili. Watengenezaji wenyewe wanaagiza abiria wavae suruali ya mpira ya kuogelea, kwani anayeangukia nyuma anaweza kuingiwa mwilini na maji yanayosukumwa kwa nguvu. Kila safari ya kwenda dukani ingetaka vazi hilo.

Na kuna sheria. Chini ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za 1972, chombo cha injini cha chini ya mita 7 kisichoweza kuzidi noti 7 kinaruhusiwa kuwasha taa moja nyeupe usiku. Dingi ndogo inaenea hapo, jeti ski haienei, na nyingi hazina taa kabisa. Florida hairuhusu ziendeshwe kuanzia nusu saa baada ya jua kutua hadi nusu saa kabla halijachomoza. Kaunti ya San Juan katika jimbo la Washington, eneo la visiwa linalopendwa na wenye matanga, ilizipiga marufuku mwaka 1996, na Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 1998. Anayerudi kutoka chakula cha jioni Florida, au anayezunguka visiwa na kukutana na marufuku kama hiyo, atabaki bila usafiri.

Kwa hiyo kwa yoti ya gogo moja, yaani yenye mwili mmoja tu majini, ya mita 12 au chini yake, yenye chombo kimoja tu cha kwendea pwani, jibu langu ni hapana, na sioni modeli mpya itakayolibadilisha mradi uzito ni huo. Kwa katamarani kubwa yenye jukwaa la kunyanyulia kati ya magogo yake mawili, ambalo limepimwa kubeba kilo 300 au zaidi, nabadili jibu: ibebwe, lakini pamoja na dingi. Na anayetaka mwendo bila rafadha aangalie boti ngumu zenye kingo za mpira zinazosukumwa na pampu ya jeti, kama zile za kampuni ya Williams ya Uingereza. Nazo ni nzito na hazifai kwa yoti ndogo, lakini angalau zina sakafu ya kuweka madumu na sehemu ya kukaa bibi.