Kabla hujatuma PR yako, soma za wenzako

Zamani nilikuwa naamini kuchangia programu huria (zile ambazo kodi yake iko wazi kwa yeyote kuisoma na kuirekebisha) ni kuandika kodi tu (sio ya TRA, hii ya kompyuta), yaani unaandika, unatuma PR (pull request, ombi la mabadiliko yako kuingizwa kwenye mradi), jina lako linakaa GitHub, mtandao inakowekwa miradi hii, unalibandika kwenye CV, basi. Siku hizi naona tofauti kabisa na nitasema hata kama kuna watakaonuna: miradi hii ya kujitolea haijapungukiwa kodi, imepungukiwa watu wa kuisoma.

Kilichonibadilisha ni aibu. Kuna maktaba moja ndogo ya tarehe (maktaba hapa ni kodi iliyoandikwa tayari ili programu nyingine ziitumie), zile zinazogeuza muda kuwa maneno kama "dakika 5 zilizopita", inaendeshwa na watu watatu hivi na wote wana kazi zao nyingine. Nikaona Kiswahili hakimo. Nikajiunga bando la usiku, nikatafsiri miezi, siku, kila kitu, nikatuma PR. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu nikaandika komenti ya kejeli, eti huu mradi bado uko hai au tuuzike?

Jibu likaja baada ya siku mbili, la upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Jamaa mmoja wa wale watatu ananiuliza, samahani, hasa umebadilisha nini, maana naona mistari zaidi ya 900 imeguswa na nimeisoma yote jana baada ya kumlaza mtoto. Kucheki, kumbe edita yangu, programu ninayoandikia kodi, imegeuza nafasi zote za mwanzo wa mistari kuwa alama za "tab" faili zima! Kazi yangu halisi ilikuwa mistari kama 40, imezama humo huioni.

Halafu akauliza kitu kilichonifunga mdomo. Programu yao ilikuwa na neno moja tu la muda uliopita kwa vipimo vyote, sasa je, Kiswahili kinakubali hivyo? Mimi nilikuwa nimepachika "zilizopita" kila mahali. Haya soma mwenyewe: "dakika 5 zilizopita" sawa, "siku 3 zilizopita" sawa, "miaka 2 zilizopita"??? "mwezi 1 zilizopita"??? Mtu ambaye hajui hata kusalimia kwa Kiswahili ndiye aliyenishtua kwamba nimevuruga ngeli za lugha niliyonyonya nayo. Ikabidi sehemu ya ndani ibadilishwe ili kila kipimo kibebe sentensi yake, umoja na wingi: mwezi 1 uliopita, miezi 2 iliyopita, dakika 1 iliyopita, dakika 2 zilizopita. Ilichukua miezi miwili, mimi natuma yeye anasoma, umeme unakatika, narudi tena.

Sasa jiulize, kati yetu nani alichangia zaidi? Mimi jina langu liko kwenye orodha, yeye usiku wake ndio ulioenda.

Tangu hapo kazi yangu kubwa pale ni kusoma PR za wengine. Naishusha, naiendesha, naandika "nimejaribu kwenye Windows iko poa, kwenye simu ya Android inakwama ukichagua Februari". Sentensi moja tu, lakini mwenye mradi ameokoa saa nzima. Kwenye CV haionekani, ndio maana watu hawaitaki. Mnakumbuka Oktoba 2020, Hacktoberfest, ile kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha watu wachangie programu huria, ilipokuwa inatoa fulana kwa PR nne, watu wakaanza kumwaga PR za kuongeza neno moja kwenye README, faili la maelezo ya mradi, hadi waandaaji wakabadilisha sheria ndani ya siku chache kwamba mradi ushiriki pale tu wenyewe wanapokubali. Fulana jamani!

Na upande wa pili kuna lile la xz, ambalo bado linanitia baridi. Programu ya kubana mafaili, iko karibu kwenye matoleo yote ya Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na aliyekuwa anaitunza ni Lasse Collin wa Finland, bila malipo. Mwaka 2022 zikajitokeza akaunti za kumsukuma, mbona uko taratibu, mpe mtu mwingine. Akajibu kwamba hii ni hobi, hailipwi, na afya yake ya akili haiko vizuri. Aliyekuwepo kusaidia akaitwa Jia Tan, mchapakazi, mvumilivu, akaaminiwa, na Februari 2024 vesheni 5.6.0 ikatoka na mlango wa siri ndani yake. Uligundulika mwezi uliofuata kwa sababu mwandishi wa programu mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali) kunachelewa kama nusu sekunde na hakuipuuza.

Watu wanalichukulia kama stori ya wadukuzi. Mimi naona stori ya mtu aliyezidiwa, na msaada pekee uliojitokeza ulikuwa wa mwizi. Mimi na wewe tulikuwa wapi? Tulikuwa tunaitumia. Makampuni yalipe, hilo sibishi, ila mpaka walipe huyo mtu bado anasoma mistari yako 900 usiku peke yake, na ile komenti yangu ya kejeli haikuwa mbali sana na zile alizotumiwa Collin.

Kwenye maktaba yetu ile ya tarehe kuna isyu, yaani hoja inayosubiri kutatuliwa, bado iko wazi, ya saa ya Kiswahili: 14:00 iandikwe saa 8 mchana, na 19:00 je, ni saa 1 jioni au saa 1 usiku? PR zipo tatu tayari na zinapingana. Usilete ya nne. Njoo uzisome hizo.