Wachungaji peke yao hawatoshi
Nimesoma habari kwamba bodi mpya ya shirika moja la kidini la kutetea haki ina wajumbe tisa, wanane kati yao wachungaji. Nawaheshimu sana, ila naomba watazame nyuma. Mwaka 1957 Martin Luther King Jr. na wachungaji wenzake walipounda Southern Christian Leadership Conference, shirika la viongozi wa makanisa la kupigania haki za watu weusi kule Marekani, aliyekuja kuendesha ofisi yao ya Atlanta ni Ella Baker, mwanamke asiye mchungaji. Ndiye huyo aliyewaita wanafunzi kwenye mkutano mjini Raleigh mwaka 1960, wakaunda chama chao wenyewe.

Nimewahi kukaa kwenye baraza la namna hii. Aliyetufumbua macho ni mama mjane aliyeweka mezani notisi ya kuhamishwa makazi, imekunjwa mara nne, akauliza: "Nani kati yenu amewahi kupokea hii?" Tulinyamaza wote. Mtu kama huyo mpeni kiti, na kura pia.