Mbona kura za Rankin mmeziruka?
Kwenye makala yenu mmemtaja Jeannette Rankin wa jimbo la Montana kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Bunge la Marekani, mwaka 1916, mkaishia hapo. Jamani! Aprili 1917 alikuwa miongoni mwa wabunge 50 waliokataa vita dhidi ya Ujerumani. Kisha tarehe 8 Desemba 1941, siku moja tu baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, akasema hapana peke yake kwa vita dhidi ya Japani: kura 388 kwa 1. Alizomewa, akajifungia kwenye kibanda cha simu mpaka polisi walipokuja kumsindikiza. Kura hiyo ya pili siiungi mkono, nchi ilikuwa imeshapigwa, lakini ujasiri wake nauheshimu sana. Hata 1968, akiwa na miaka 87, aliongoza maandamano ya wanawake Washington kupinga vita vya Vietnam.