Ukifika Kampala, anza na Kiganda

Asubuhi yangu ya pili Kampala nilikwenda kununua chai kwenye kibanda kimoja cha Kikoni, hatua chache kutoka hosteli. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, umri wa bibi yangu. Nikainama kidogo, nikasema, "Shikamoo, mama." Nimekulia Tanga, na kwetu mtoto asiyemwamkia mkubwa huulizwa katoka nyumba gani. Yule mama alinitazama, hakuitika, akamgeukia aliyekuja nyuma yangu. Nilirudi chumbani bila chai na nikalia, maana salamu ndiyo kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho katika mji ule.

Huu ni mwaka wangu wa tatu wa masomo ya chuo hapa. Kila Agosti nawaona wanafunzi wapya wa Kitanzania wakishuka kwenye basi na mabegi yao, na kila mara nataka kuwaambia jambo lile lile: jifunzeni Kiganda, lugha ya Waganda wa Buganda ambayo wenyewe huiita Luganda, na muanze wiki ya kwanza.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu nami nilijibu hivyo. Masomo ni kwa Kiingereza. Uganda imo katika Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza lao la Mawaziri liliridhia kiwe somo la lazima shuleni. Yote ni kweli, na nayafurahia. Lakini mtu mzima aliyeishi Kampala ana kumbukumbu zake za Kiswahili, na kumbukumbu hizo ndizo unazokutana nazo kibandani.

Mlinzi wa hosteli yetu, mzee wa Buganda, ndiye aliyenieleza. Waganda walikwisha kukipinga Kiswahili tangu enzi za Waingereza, wakihofia lugha yao kumezwa. Kisha Idi Amin akakitangaza kwa amri kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kilikuwa lugha ya kambi za jeshi. Raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kwa mtu mwenye bunduki anayeamrisha watu washuke kwenye gari. Na Aprili 1979 waliomng'oa Amin hapa Kampala, askari wetu, nao walikuja wakizungumza Kiswahili. Sisi tulifundishwa vita vile kuwa ukombozi, na bado naamini hivyo. Nilimwambia mzee. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, usiku ule tulisikia sauti tu. Hatukuuliza ni ya jeshi gani."

Tangu siku ile sijauita tena ukimya wa yule mama dharau.

Mzee akaanza kunifundisha getini, kila jioni maneno mawili matatu. Wasuze otya, umelalaje, kwa asubuhi. Osiibye otya, umeshindaje, kwa jioni. Mwanamke ni nnyabo na mwanamume ni ssebo, wala husubiri uzeeke kwanza, hata mimi wa miaka 20 niliitwa nnyabo. Neno nililolipenda kuliko yote ni weebale kukola. Ukimpita mtu anafagia, anafua au anachimba mtaro, unamwambia: asante kwa kufanya kazi. Sisi tunasema pole na kazi, na ni neno jema, lina huruma. Wao wanashukuru, hata kama kazi yenyewe haikuhusu hata kidogo. Nilipoanza kuwaambia hivyo wafagiaji wa njia yetu, ndani ya wiki moja nilikuwa na watu wanaonijua.

Kwa Mswahili si lugha ngumu. Amazzi ni maji, omuntu ni mtu, ennyumba ni nyumba. Saa zao wanazihesabu kama sisi, yaani ssaawa bbiri ya asubuhi ni saa mbili yetu ile ile. Pa kuwa makini ni kwenye hesabu ya fedha. Ukisikia lukumi mu bitaano usidhani ni kumi na tano, ni 1,500. Na takisi hapa ndiyo daladala yetu. Ukitaka kushuka unamwambia konda mu maaso awo, pale mbele. Wiki ya kwanza nilikuwa nasubiri mwingine aseme, kisha nashuka naye na kutembea kurudi.

Sasa niseme lililo gumu kidogo. Watanzania wenzangu walinipokea vizuri mno. Wao ndio walionitafutia chumba, wakanisajilia laini ya simu, wakanipikia nilipoumwa. Jumapili tunasonga ugali, tunaangalia Simba na Yanga kwenye simu ya mtu mmoja, na siku hiyo napumua. Siwaambii mwachane. Ila najua wenzetu wanaomaliza shahada bila kuweza kununua nyanya Wandegeya pasipo mtu wa kuwasindikiza, na hilo linaniuma. Miaka mitatu katika mji wa watu, na mji wenyewe umebaki kitu cha kuonwa kupitia dirisha la takisi.

Mwaka jana mwenzangu wa chumbani alishikwa na malaria kali saa nane ya usiku. Nilitoka mbio hadi kituo cha boda. Kijana aliyekuwepo alinijua kwa salamu za kila jioni. Alitupeleka hospitali, akakaa nje hadi alfajiri, akaturudisha, na akakataa nauli ya kurudi. Kila nikimkumbuka nafikiria ingekuwaje kama miezi yote ile ningempita kimya.

Kwa yule mama nilirudi wiki ya tatu. Nilipiga goti kidogo kama nilivyoona wasichana wa hapa wakifanya kwa wakubwa, nikasema, "Wasuze otya, nnyabo?" Akaitika. Akanimiminia chai, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akasema mmm, basi. Niliendelea kwenda.

Ilipita zaidi ya mwaka ndipo asubuhi moja ya mvua, tukiwa wawili tu chini ya turubai, aliponisimulia habari za kaka yake. Alisimamishwa kwenye kizuizi akirudi kazini, mwaka 1977, na nyumbani hakufika. Mama hajui Kiingereza. Alisimulia kwa Kiganda, polepole, akirudia pale alipoona uso wangu umepotea, na mengi niliyaelewa. Sauti ya mwisho ya wale waliomchukua, kwa mujibu wa rafiki aliyeponea, ilikuwa ya Kiswahili.

Alipomaliza aliniongezea chai, akafuta meza, akasema, "Weebale kuwuliriza." Asante kwa kusikiliza.